Waliolala Mbali na Nyumbani

SABATO ALASIRI

Fungu la Kukariri: 1 Wathesalonike 4:13, 14. Lisome kila asubuhi juma hili katika Biblia yako, ukiangalia kwa makini ni akina nani Paulo anaosema wamelala, na ni huzuni ya namna gani anayoikataza.

Jumapili, Machi 10, 2019, saa 2:38 asubuhi, ndege ya Shirika la Ndege la Ethiopia, safari namba 302, iliruka kutoka Addis Ababa kuelekea Nairobi. Dakika sita baadaye ilianguka shambani karibu na mji wa Bishoftu. Watu wote 157 waliokuwamo walikufa. Walitoka katika mataifa zaidi ya 30, na 32 kati yao walikuwa Wakenya, idadi kubwa kuliko ya taifa lingine lolote.

Miongoni mwao alikuwamo kijana Mkenya aliyekuwa akisomea sheria nchini Marekani. Kabla ya kwenda ng'ambo alikuwa amefanya kazi miongoni mwa wakimbizi katika Afrika Mashariki. Siku ile alikuwa akirudi nyumbani kwa ajili ya msiba. Waliomngojea kwenye msiba mmoja wakapokea wa pili.

Kijana wa namna hiyo anajulikana katika kila kanisa. Ni yule aliyeombewa mbele ya washiriki kabla ya safari, ambaye wazee walimwekea mikono kichwani, na ambaye watoto wa Shule ya Sabato huambiwa wasome kwa bidii wawe kama yeye. Anapokufa mbali, maswali huwa mengi. Je, Mungu ndiye aliyepanga? Je, kuna aliyekosa? Atafufuliwaje mtu ambaye hata mwili wake haukuonekana? Na waliobaki wamkumbukeje? Somo la juma hili linayapeleka maswali hayo mbele ya Neno la Mungu.

JUMAPILI
Kanzu Pasipo Mwana

Soma Mwanzo 37:31–35. Yakobo aliletewa ushahidi gani wa kifo cha mwanawe, naye aliupokeaje?

Yusufu alikuwa na umri wa miaka 17 alipotumwa na baba yake kwenda kuwaangalia ndugu zake. Kilichorudi nyumbani ni kanzu yenye damu. Yakobo hakuwa na mwili wa kuosha wala kaburi la kusimama kando yake. Alirarua mavazi yake, akajivika gunia, akaomboleza siku nyingi. Watoto wake wote walipokuja kumfariji, alikataa kufarijiwa.

Angalia kwamba Biblia haimkemei mzee huyu. Haisemi alikosa imani. Inaandika kilio chake na kukiacha kama kilivyo. Katika Yeremia 31:15 pia, mama anayewalilia watoto wake anakataa kutulizwa, na Mungu anaisikia sauti yake kabla ya kumpa ahadi iliyo katika mafungu yanayofuata.

Kumsomesha kijana ng'ambo mara nyingi ni kazi ya ukoo mzima. Shamba huuzwa, harambee huitishwa, shangazi hutoa akiba yake, na mdogo wake husubiri zamu. Asubuhi ile ya Machi, ndugu wa abiria walikuwa wamekwenda katika uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta kuwapokea wapendwa wao. Walikaa saa kadhaa wakitazama ubao wa safari, na baadhi yao wakapata habari kupitia simu zao kabla ya kuambiwa na mtu yeyote. Mzazi aliyepitia hayo anaielewa kanzu ya Yakobo.

Kuna jambo jingine katika fungu la 35. Wana waliokuja kumfariji Yakobo ndio wale wale waliomuuza Yusufu na kuichovya kanzu yake katika damu. Walimpa baba yao maneno ya kumliwaza huku wakimficha ukweli ambao ungemponya. Haishangazi kwamba faraja yao haikuingia moyoni mwake. Mfariji wa kweli huja na mikono safi na ulimi usioficha.

Ukienda kwenye msiba wa kijana, je, huwa unaona ni lazima useme neno kwa haraka? Soma Ayubu 2:11–13. Rafiki za Ayubu walifanya nini vizuri kabla ya kufungua vinywa vyao?

JUMATATU
Mnara wa Siloamu

Soma Luka 13:1–5. Ni misiba gani miwili inayotajwa hapa, nayo inatofautianaje?

Watu walimletea Yesu habari za Wagalilaya waliouawa na Pilato. Hicho kilikuwa kitendo cha mtu mkatili. Yesu mwenyewe akaongeza habari nyingine, ya watu 18 walioangukiwa na mnara huko Siloamu. Huo ulikuwa msiba wa jengo. Hakuna aliyeshika upanga. Mnara ulianguka, na waliokuwa chini yake wakafa.

Yesu alijua swali lililokuwa mioyoni mwa wasikilizaji: walifanya nini hata wakafa vile? Swali hilo halijazeeka. Kwenye matanga huulizwa kwa sauti ya chini, nyuma ya nyumba, mahali sufuria zinapooshwa. Wengine huuliza kama kuna laana katika ukoo. Wengine hutafuta jirani mwenye kijicho aliyechukizwa na maendeleo ya kijana. Wengine husema kwamba pengine aliliacha kanisa alipofika ng'ambo, Mungu akamwadhibu. Maneno hayo huifikia familia mapema au baadaye, nayo huwa kaburi la pili.

Yesu alilijibu swali hilo kwa kukana waziwazi. Wale 18 hawakuwa wakosaji kuliko wakazi wengine wote wa Yerusalemu. Ndivyo ilivyokuwa pia katika Yohana 9:1–3, wanafunzi walipotafuta dhambi iliyosababisha mtu kuzaliwa kipofu. Katika mambo yote mawili, Mwokozi alilifunga faili ambalo watu walikuwa wamelifungua juu ya mtu aliyeteseka.

Lakini hakuishia hapo. Aliwageukia walio hai akawaita watubu. Wito huo hauwahusu waliokufa; kesi yao imo mikononi mwa Hakimu mwenye haki. Unawahusu waliosimama wakizungumza habari zao. Abiria 157 walipopanda ndege, wapo waliokuwa wakienda kwenye mkutano wa Umoja wa Mataifa kuhusu mazingira uliokuwa uanze Nairobi siku iliyofuata, wapo waliokuwa wakirudi kazini, na yupo aliyekuwa akienda msibani. Kila mmoja alikuwa na kesho kwenye kalenda yake. Kifo cha ghafla hakitoi hukumu juu ya aliyekufa. Kinamkumbusha aliye hai kwamba siku ya kufanya amani na Mungu ni leo.

Je, umewahi kusema au kusikia neno lililogeuza msiba wa mtu kuwa mashtaka dhidi yake? Kanisa lifanye nini ili kuilinda familia yenye msiba isiumizwe na maneno ya namna hiyo?

JUMANNE
Ng'ombe Aliyejulikana kwa Kupiga Pembe

Soma Kutoka 21:28, 29 na Kumbukumbu la Torati 22:8. Sheria hizi zinafundisha nini kuhusu ajali ambayo ingeweza kuzuiwa?

Katika misiba ya Afrika Mashariki kuna usemi unaorudiwa mara nyingi: kazi ya Mungu haina makosa. Ni kweli kwamba kazi ya Mungu haina makosa. Lakini je, kila kinachotokea ni kazi yake?

Ndege iliyoanguka Bishoftu ilikuwa ya aina ya Boeing 737 MAX 8. Ilikuwa na programu iitwayo MCAS, iliyoweza kuishusha pua ya ndege bila rubani kuiagiza. Programu hiyo ilitegemea taarifa za kihisi kimoja tu. Kihisi kilipotoa taarifa isiyo sahihi, programu iliisukuma pua chini tena na tena, huku marubani wakipambana kuiinua. Oktoba 29, 2018, miezi isiyozidi mitano kabla, ndege nyingine ya aina hiyo hiyo ilikuwa imeanguka baharini nchini Indonesia, ikaua watu 189, na programu hiyo hiyo ilihusika. Ni baada ya msiba wa pili ndege za aina hiyo zilipozuiwa kuruka duniani kote. Januari 2021, katika makubaliano na Wizara ya Sheria ya Marekani, kampuni ya Boeing ilikiri kwamba wafanyakazi wake wawili waliidanganya mamlaka ya usafiri wa anga kuhusu programu hiyo, ikakubali kulipa zaidi ya dola bilioni 2.5.

Sheria ya Musa ililijua jambo hili. Ng'ombe akimpiga mtu pembe kwa mara ya kwanza, ng'ombe aliuawa na mwenyewe akaachiliwa. Lakini kama ng'ombe alikuwa na desturi hiyo tangu zamani, na mwenyewe ameonywa asimfunge, naye akaua, hatia ilimwangukia mwenye ng'ombe. Aliyejenga nyumba naye aliagizwa kuweka ukingo juu ya dari, ili mtu asianguke, na damu isiwe juu ya nyumba hiyo. Mungu hakuwaruhusu Waisraeli kulibeba kosa la mtu na kulitwika mapenzi yake.

Hata Ayubu, aliposema kwamba Bwana ndiye aliyetoa na ndiye aliyetwaa (Ayubu 1:21), hakuwa ameiona sehemu ya kwanza ya kitabu chake. Msomaji ameiona. Anajua kwamba aliyeleta maangamizi ni Shetani (Ayubu 1:12–19). Ibada ya Ayubu ilikuwa njema, lakini ujuzi wake ulikuwa na mipaka. Katika pambano kuu kati ya wema na uovu, Mungu si mwizi wa vijana. Mwizi ametajwa katika Yohana 10:10, na siye mchungaji.

Kwa hiyo familia zinazodai ukweli mahakamani hazipigani na mapenzi ya Mungu. Damu ya Habili ililia kutoka katika ardhi, na Mungu mwenyewe ndiye aliyekwenda kumwuliza Kaini (Mwanzo 4:9, 10).

Katika kazi yako kuna "ukingo wa dari" gani ambao usipouweka mtu mwingine anaweza kufa? Fikiri habari za dereva, fundi umeme, mjenzi, muuguzi, na msimamizi wa bweni.

JUMATANO
Udongo wa Bishoftu

Soma Mwanzo 2:7, Zaburi 139:13–16, na Ufunuo 20:13. Mafungu haya yanasema nini juu ya Mungu na watu ambao makaburi yao hayajulikani?

Ndege ile iligonga ardhi kwa kasi kubwa, ikachimba shimo refu. Hapakuwa na mwili uliobaki mzima. Siku chache baadaye, familia zilipewa udongo wa mahali pale, kiasi cha kilo moja, ziende zikauzike. Mabaki yaliyotambuliwa kwa vipimo vya vinasaba yalirudishwa baada ya miezi kadhaa.

Kwa Mwafrika jambo hilo ni zito. Mtu huzikwa nyumbani, kwenye ardhi ya baba zake. Baadhi ya jamii za magharibi mwa Kenya, mwili usipopatikana, huzika shina la mgomba badala yake, ili wenye msiba wapate mahali pa kulilia. Udongo ndani ya mfuko ulikuwa na kazi kama hiyo. Lakini swali linabaki: mtu aliyetawanyika hivyo atafufuliwaje?

Biblia inaanza na udongo. Mtu wa kwanza aliumbwa kwa mavumbi ya ardhi, naye hakuwa na mwili wa zamani ambao Mungu aliutengeneza upya. Ufufuo hautegemei kile ambacho kaburi limekitunza. Unategemea kile ambacho Mungu anakikumbuka. Daudi anasema kwamba macho ya Mungu yalimwona kabla viungo vyake havijakamilika. Aliyemjua mtu kabla hajaumbika hawezi kumpoteza baada ya kuharibika.

Musa alizikwa katika bonde la Moabu, na hakuna aliyejua kaburi lake (Kumbukumbu la Torati 34:5, 6). Hata hivyo alionekana akizungumza na Yesu mlimani (Mathayo 17:3, linganisha Yuda 9). Yohana naye aliona bahari ikiwatoa wafu waliokuwamo. Bahari haina jiwe la kaburi, wala haiweki majina kwenye rejista. Hata hivyo haiwezi kumzuia hata mmoja siku ile.

Kwa sasa, wafu hawajui neno lolote (Mhubiri 9:5). Hakuna kati ya abiria wale anayeendelea kuisikia hofu ya dakika zile sita. Kwao, jambo linalofuata ni sauti ya Mwana wa Mungu (Yohana 5:28, 29). Muda mrefu wa kungoja ni wa waliobaki.

Soma Ayubu 19:25–27. Je, tumaini la Ayubu lingemsaidiaje mzazi ambaye amezika udongo tu?

ALHAMISI
Nguo za Dorkasi

Soma Matendo 9:36–39. Wajane walimkumbuka Dorkasi kwa njia gani?

Petro alipofika Yafa, wajane hawakumpa hotuba. Walimwonyesha kanzu na nguo ambazo Dorkasi aliwashonea alipokuwa pamoja nao. Kumbukumbu yao ilikuwa imevaliwa miilini mwao.

Daudi pia alijua namna ya kukumbuka. Yonathani alipoanguka vitani, Daudi aliomboleza, akaagiza maombolezo yale yafundishwe kwa wana wa Yuda (2 Samweli 1:17, 18). Miaka ilipopita, aliuliza kama amesalia mtu wa nyumba ya Sauli amtendee wema kwa ajili ya Yonathani (2 Samweli 9:1). Akapatikana Mefiboshethi, kilema wa miguu, akaketi mezani pa mfalme siku zote. Kilio kilianza, na kiti mezani kikafuata.

Kijana Mkenya aliyekufa Bishoftu alikuwa amejitoa kwa wakimbizi kabla ya kwenda kusomea sheria. Mungu, ambaye ampenda mgeni na kumpa chakula na mavazi (Kumbukumbu la Torati 10:18, 19), anawatafuta watu wa kuendeleza kazi ya namna hiyo. Ikiwa kijana amekufa akiwa amewatumikia wageni, anayetaka kumkumbuka anajua pa kuanzia.

Kanisa nalo lina mambo madogo ya kufanya. Matanga huisha, turubai hukunjwa, viti hurudishwa, na baba na mama hubaki na chumba kitupu. Wiki ya tatu ndiyo nzito. Shemasi anayebisha hodi wakati huo, asiye na hotuba, akiwa na unga na muda wa kukaa, anafanya kama Daudi alivyomfanyia Mefiboshethi. Katibu wa kanisa aandike tarehe ya kifo, na mwaka unaofuata familia ikumbukwe kwa jina katika maombi. Wala wasisahauliwe wanafunzi waliohai: waliotoka kanisani wakaenda kusoma India, China, Uturuki au Marekani, ambao simu zao hulia tu wakati wa kuomba mchango. Na mwanafunzi mgeni aliyeketi peke yake kwenye benchi la nyuma ni mtoto wa mtu fulani aliye mbali, anayemwombea Mungu ampe mahali pa kula Sabato mchana.

Taja mwanafunzi mmoja aliye mbali na nyumbani. Utamfanyia nini kabla ya juma hili kwisha?

IJUMAA
Kwa Kujifunza Zaidi

Soma Yohana 11:1–44 yote kwa mara moja. Yesu alisema kwamba Lazaro amelala, na wanafunzi walipokosa kuelewa, akasema wazi kwamba amekufa (fungu la 11–14). Alijua atakalofanya. Dakika chache baadaye angemwita Lazaro atoke. Lakini kabla ya kufika kaburini alilia machozi. Ikiwa yeye mwenye ufufuo mkononi alilia, mwamini mwenye ufufuo katika ahadi hana sababu ya kuona haya kulia.

Hilo ndilo linaloifungua sehemu ya kukariri. Paulo hakuwakataza Wathesalonike kuhuzunika. Aliwakataza kuhuzunika kama watu wasio na tumaini. Tofauti haipo katika wingi wa machozi. Ipo katika kujua kwamba Bwana mwenyewe atashuka, na waliolala katika Kristo watafufuka kwanza, na wote watanyakuliwa pamoja (1 Wathesalonike 4:16, 17). Neno "pamoja" ni tamu kwa aliyetenganishwa na bahari, na mpaka, na kifo. Familia zilizongoja bure pale uwanja wa ndege zimeahidiwa mapokezi mengine, ambayo hayategemei ubao wa safari. Paulo anamalizia kwa agizo: farijianeni kwa maneno haya. Faraja ni kazi waliyopewa walio hai.

Maswali ya Kujadili:

1. Linganisha mnara wa Siloamu (Luka 13) na ng'ombe mwenye desturi ya kupiga pembe (Kutoka 21). Katika darasa, jadilini tofauti kati ya kumlaumu aliyekufa na kumwajibisha aliyesababisha kifo. Kwa nini kanisa mara nyingi ni jepesi kufanya la kwanza na zito kufanya la pili?

2. Ni semi gani zinazosikika kwenye misiba ya mahali penu zinazomwonyesha Mungu kuwa ndiye muuaji? Ungesema nini badala yake, kwa maneno machache, bila kumuumiza aliyezisema kwa nia njema?

3. Mzazi mmoja anasema hawezi kuomba tena tangu mwanawe afe akiwa masomoni ng'ambo. Je, ungemsomea fungu gani? Au kuna wakati ambapo ni bora kutosoma fungu lolote, ukakaa naye tu? Toa sababu zako.

4. Pangeni pamoja jambo moja ambalo darasa lenu litafanya mwezi huu kwa familia iliyofiwa na kijana, na jambo moja kwa mwanafunzi mgeni anayeishi karibu nanyi. Nani atakwenda, na siku gani?